Milioni 40.4 za Escrow: mfadhili alinunua nini?

Julai 2017 William Ngeleja, mbunge wa Sengerema na waziri wa zamani wa Nishati na Madini, aliwaita waandishi wa habari jijini Dar es Salaam akawaeleza kwamba amerudisha serikalini shilingi milioni 40.4 kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA). Fedha hizo alipewa Februari 2014 na mfanyabiashara James Rugemalira. Alisema alizipokea kama msaada, kama mbunge yeyote anavyopokea misaada ya watu wenye mapenzi mema, na hata kodi alikwishazilipia. Hakujua kwamba zingekuja kuhusishwa na kashfa ya Escrow, yaani ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti maalumu ya Benki Kuu. Wiki chache kabla ya hapo, Juni 19, Rugemalira na mfanyabiashara mwenzake, Harbinder Singh Sethi, walikuwa wamepandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu kwa kashfa hiyohiyo.

Ukiisoma habari ile harakaharaka utamwona muungwana aliyegundua mfukoni mwake mna uchafu, akautoa. Mimi nilibaki na swali la kipuuzi kidogo: ni dirisha gani la TRA linalopokea zawadi? Kama fedha ile ilikuwa mali halali ya Rugemalira, ya kurudishiwa ni yeye. Kama ilikuwa ya umma, basi jina la mheshimiwa lilikwishasomwa bungeni Novemba 2014, mchana kweupe, na taifa zima likisikiliza. Miaka miwili na nusu ilipita kati ya kusomwa kwa jina na kurudi kwa fedha. Kilichobadilika katikati hapo ni hali ya mtoaji: alikuwa tajiri, akawa mahabusu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mjadala wetu wa wanasiasa na wafadhili wao huanza mfadhili anapokamatwa, na huishia kwenye kurudisha. Kabla ya kukamatwa, fedha ileile tunaiita mchango, na aliyeitoa tunampa kiti cha mbele kwenye harambee.

Kwa waliosahau, na wasiokuwapo, IPTL, kampuni ya kuzalisha umeme, ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, nchi ikiwa kwenye mgawo wa umeme. Kampuni ya Mechmar ya Malaysia ilikuwa na asilimia 70 ya hisa, na VIP Engineering and Marketing ya Rugemalira asilimia 30. Mkataba na TANESCO, shirika la umeme la taifa, ulikuwa wa miaka 20: mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta mazito, Tegeta, na malipo ya kila mwezi kwa ajili ya uwezo wa mtambo, uwashwe usiwashwe. Ugomvi wa bei ulianza hata kabla mtambo haujaanza kuzalisha. Baadaye TANESCO ikalalamika kwamba inatozwa kupita kiasi, na mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti ya Escrow Benki Kuu ili malipo yawekwe humo mpaka ijulikane nani anamdai nani.

Haikujulikana. Mwaka 2013 kampuni ya Sethi, PAP, ikajitokeza na kusema imenunua hisa za Mechmar, ikanunua na zile za VIP kwa dola milioni 75. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikatoa amri ya kukabidhi shughuli za IPTL kwa PAP, na ilipofika mwisho wa mwaka Escrow ilikuwa tupu. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilitaja kiasi kilichotolewa kuwa shilingi bilioni 306.

Sasa chukua orodha ya watu waliogawiwa na Rugemalira kupitia Benki ya Mkombozi, kama kamati ilivyoiweka mezani. Watu wengi waliisoma wakitafuta majina. Mimi huwa naitazama upande wa tarakimu. Milioni 40.4 imejirudiarudia: imo kwa Ngeleja, imo kwa Daniel Yona, waziri mwingine wa zamani wa nishati, imo kwa jaji, imo kwa kiongozi wa dini. Kuna milioni 80.8. Kuna milioni 161.7. Kuna milioni 323.4. Halafu juu kabisa kuna bilioni 1.617 ya Andrew Chenge, na bilioni 1.617 na laki moja juu ya Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi.

Tarakimu za ajabu kwa zawadi. Nani anampa rafiki yake shilingi 40,425,000 badala ya milioni 40? Zigawe kwa 1,617, ambayo ndiyo takribani iliyokuwa bei ya dola Februari 2014, na kila kitu kinakaa sawa: dola 25,000, dola 50,000, dola 100,000, dola 200,000, dola milioni moja. Madaraja. Mtu alikaa na kalamu, akaamua nani ni wa ngapi, kwa dola, kisha benki ikabadilisha kuwa shilingi.

Sisemi kwamba hilo peke yake ni ushahidi wa rushwa. Rugemalira alishikilia siku zote kwamba aliuza hisa zake mwenyewe na kwamba fedha alizogawa zilikuwa zake. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani: alikaa mahabusu zaidi ya miaka minne, na Septemba 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi dhidi yake. Sethi alikuwa ameshatoka Juni mwaka huo, baada ya kukiri kosa kwa makubaliano na kuamriwa kulipa shilingi bilioni 26.9. Lakini madaraja yanatuambia jambo ambalo kauli ya “msaada wa jimbo” hailielezi. Msaada hufuata mahitaji. Shule inataka madawati kadhaa, zahanati inataka paa, na kiasi kinatoka kwenye hesabu ya fundi. Hapa kiasi kilitoka kwenye cheo cha anayepewa, awe wa sasa au wa zamani.

Na huyu wa zamani ndiye anayenivutia zaidi. Mtu asiye waziri tena ana nini cha kuuza? Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mkataba wa IPTL uliposainiwa mwaka 1995. Mwaka 2014 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Bajeti. Alieleza kwamba fedha zile ni malipo ya ushauri wa kisheria alioitolea VIP. Ngeleja alikuwa ameondoka Nishati mwaka 2012. Escrow ilikwishafunguka wakati fedha zinaingia kwenye akaunti zao, kwa hiyo hapakuwa na sahihi ya kununuliwa. Watetezi wao walilisema hilo kwa nguvu, na wana hoja: hongo ya vitabuni hutangulia kazi.

Ila mfadhili mkubwa hanunui sahihi. Sahihi ni kazi ya madalali. Yeye hununua kupokewa simu, na zaidi ya hapo, kimya cha watu wanaoijua historia ya faili. Waziri wa zamani wa Nishati anajua barua gani iliandikwa lini na ipi ilikaliwa. Mtu huyo akisimama bungeni kuuliza swali, swali lake linauma kuliko la mbunge mgeni. Akiwa amekula, hasimami. Huhitaji kumwambia asisimame, wala hakuna mkataba utakaowahi kuonekana mahakamani. Ndiyo maana sheria zetu za rushwa, zinazotafuta tendo na malipo yake, hupita pembeni ya uhusiano wa namna hii kila mara.

Tibaijuka alikuja na maelezo ya aina nyingine. Alisema fedha zilikuwa mchango wa shule ya wasichana aliyoiasisi, na kwamba aliziomba kwa barua. Shule ipo, wasichana wamesoma pale na wamefaulu. Sina sababu ya kuidharau. Rais Kikwete, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam Desemba 22, 2014, aliuliza swali moja jepesi: kama mchango ni wa shule, mbona umeingia kwenye akaunti ya waziri? Jibu la mama lilikuwa kwamba mtoaji alitaka akaunti ifunguliwe Mkombozi. Siku hiyohiyo uwaziri ukaisha.

Baraza la Maadili lilipokaa Karimjee Februari 2015 chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, Tibaijuka aliulizwa kuhusu fedha alizochukua kutoka kwenye akaunti ile. Shilingi milioni 10, akasema, zilikuwa za mboga. Nchi ilicheka mpaka ikachoka. Mimi nadhani tulicheka mahali pasipo penyewe. Mboga ni senti kidogo kwenye bilioni 1.6. Kizito zaidi kilikuwa kwamba waziri mwenye mamlaka juu ya ardhi yote ya nchi alimwandikia mfanyabiashara barua ya kuomba fedha, na ndani ya ukumbi ule jambo hilo lilizungumzwa kama utaratibu wa kawaida, kwa sababu kweli ni wa kawaida.

Na ukawaida huo una asili yake. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha wala mishahara miwili. Lilikuwa kali, na wengi walilikwepa kwa majina ya ndugu na shemeji, lakini lilikuwepo. Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Zanzibar ikalegeza masharti hayo. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi. Yaani tulifungua mlango wa biashara kwa viongozi wakati uleule tulipoanzisha uchaguzi wa ushindani, ambao ni shughuli ya fedha nyingi kuliko zote katika siasa. Mwaka 2000 Bunge likaenda mbali zaidi: likarekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuiruhusu takrima, ukarimu wa asili, kwa mgombea anayewakirimu wapiga kura. Ilichukua mpaka Aprili 2006 kwa Mahakama Kuu kuifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi. Chaguzi mbili nzima zilipita pilau likiwa halali.

Mbunge wa kawaida anaishi ndani ya utaratibu huo. Jumatatu msiba, Alhamisi karo ya mtoto wa katibu kata, Jumapili mabati ya kanisa, na Ijumaa inayofuata zulia la msikiti. Kadi za harusi sizihesabu. Mshahara na posho, hata ukiviita vinono, havifiki. Anayejaza pengo ni mtu mwenye duka kubwa, kandarasi, mgodi, au hisa za IPTL. Mpiga kura haulizi mabati yametoka wapi, na mbunge asiyeleta mabati anaitwa mchoyo. Nimeshasikia mzee mmoja akimtetea mbunge wake kwa kusema, “Kama ameiba, basi angalau huyu ametukumbuka.” Hakuwa anatania.

Hata hivyo, wabunge ni dagaa. Nikiwa mkweli, orodha ya Mkombozi imetufaidi na kutupotosha kwa pamoja, maana imetuzoesha kudhani kwamba kashfa ni majina ya watu. Fedha kubwa za wafadhili haziendi kwa watu; zinakwenda kwenye vyama. Huko hatujawahi kusomewa orodha.

Karibu kabisa tulipofika ni EPA. Katika mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zilitoka kwenye akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22, nyingi kwa nyaraka za kughushi. Kampuni moja, Kagoda Agriculture, ilisajiliwa Septemba 29, 2005 na ndani ya wiki chache ikalipwa takribani shilingi bilioni 40. Uchaguzi mkuu ulipangwa Oktoba 30 mwaka huo, ukasogezwa mpaka Desemba 14 kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA. Upinzani ulidai fedha za Kagoda zilikwenda kwenye kampeni. CCM ilikanusha. Gavana Daudi Ballali alifukuzwa Januari 2008, akafariki Marekani Mei mwaka huohuo, na mengi akaondoka nayo.

Halafu ona serikali ilivyolimaliza. Agosti 2008 Rais alilihutubia Bunge na kuwapa waliochukua fedha za EPA mpaka Oktoba 31: atakayerudisha amepona, asiyerudisha atapelekwa mahakamani. Fedha nyingi zikarudi. Waliozirudisha hatukuambiwa ni akina nani, wala walizifanyia nini kwa miaka miwili na zaidi zilipokuwa mikononi mwao. Septemba 2019 mtindo huohuo ukaja kwa jina jipya, watuhumiwa 467 wa uhujumu uchumi wakikubali kurudisha shilingi bilioni 107.8. Mjadala wa kama fedha zile zilikuwa za haki au za kubambikiwa ni mwingine kabisa, na ni mzito. Ninachokiona mimi ni kwamba kurudisha kumekuwa njia ya kufunga mdomo. Ukilipa, hutaji. Kwa mwenye fedha ni biashara nzuri, na kwa aliyefadhiliwa ni nzuri zaidi.

Wakenya walipita huko kabla yetu. Kampuni ya Goldenberg ya Kamlesh Pattni ilianza kulipwa fidia za kusafirisha dhahabu na almasi, asilimia 35 badala ya 20 iliyokuwa kwenye sheria, na mwaka 1992 chama tawala, KANU, kikaingia kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mtaani kukiwa na noti mpya za shilingi 500. Tume ya Jaji Bosire ya kuichunguza kashfa hiyo ilikaa kuanzia 2003, wananchi wakaifuatilia kwenye televisheni, na mwaka 2013 mahakama ikamwondolea Pattni mashtaka. Bunge lao lilipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka huohuo wa 2013, kisha likaiahirisha. Tume ya uchaguzi ilipoweka ukomo wa matumizi mwaka 2021, wabunge wakaukataa. Afadhali wao wanakataa hadharani.

Sisi sheria tunazo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilimtaka kiongozi kutamka zawadi inayozidi shilingi 50,000. Elfu hamsini! Kwa kipimo hicho kila aliyekuwa kwenye orodha ya Mkombozi na kushika wadhifa wa umma alipaswa kujaza fomu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 nayo inataka vyama vieleze michango kwa Msajili. Taarifa ya mwisho huandaliwa uchaguzi ukishapita, na mpiga kura wa Sengerema hapati kuiona hata kwenye ubao wa matangazo wa kata. Tamko la siri kwa ofisi ya Dar es Salaam au Dodoma ni kinga ya kiongozi, si ya umma; likitokea la kutokea atasema nililitamka. Kama michango ingebandikwa inapoingia, kwa jina la mtoaji na biashara anayofanya na serikali, “sikujua” ingekuwa ngumu kutamka. Ndiyo sababu, nadhani, haibandikwi.

Na hasara ya IPTL haikubaki kwenye majina yale. Wakati fedha za Escrow zinatolewa, PAP iliahidi kuilinda serikali dhidi ya madai yoyote yatakayofuata. Madai yakafuata: benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa inaidai IPTL mkopo, ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Septemba 2016 TANESCO ikaamriwa kuilipa dola milioni 148.4. Ukizigawa dola hizo kwa madaraja ya 25,000 unapata karibu Ngeleja elfu sita.

Kisiasa, gharama ilikuwa ndogo. Jaji Frederick Werema alijiuzulu Uanasheria Mkuu Desemba 2014, na Profesa Sospeter Muhongo akaachia Nishati mwezi uliofuata. Kabla mwaka 2015 haujaisha Muhongo alikuwa amerudishwa wizara ileile. Chenge, Tibaijuka na Ngeleja walipitishwa na chama chao kugombea Oktoba 2015, wakashinda wote watatu. Chenge, ambaye mwaka 2008 alikuwa ameshajiuzulu uwaziri baada ya kuziita “vijisenti” zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, akachaguliwa kuwa mmoja wa wenyeviti wa Bunge, wale wanaokalia kiti Spika asipokuwepo.

Aliyelifikisha suala la Escrow bungeni na kuling’ang’ania, David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, ambaye Werema alimwita tumbili ndani ya ukumbi, alipoteza jimbo la Kigoma Kusini katika uchaguzi huohuo. Baadaye akaingia CCM, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu, ofisi ikiwa Bariadi, kwenye jimbo lililokuwa la Chenge.